Barua ya Wazi: Mahakama Ikisimamisha Ushuru, Ritani Tuijaze Vipi?

Nairobi

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Hazina ya Kitaifa na Mipango ya Kiuchumi
Kamishna Mkuu, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA)
Mwenyekiti na wanachama, Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa, Bunge la Kitaifa

Nakala: Mwanasheria Mkuu

Waheshimiwa,

KUH: WAJIBU WA KURIPOTI KWA MLIPA USHURU ALIYE MAHAKAMANI

Sisi tunaoandika barua hii ni wahasibu, mawakala wa ushuru na maofisa wa mishahara. Kazi yetu hufika mezani kila tarehe 9 na kila tarehe 20 ya mwezi, sheria iwe imetulia au iwe mbele ya majaji. Hatuandiki kulalamikia ukubwa wa ushuru. Hilo lina wasemaji wake. Wala hatumtetei anayekwepa.

Tunaandika kuhusu pengo moja. Sheria zetu zinaeleza vizuri namna ya kupinga ushuru, na zinaeleza vizuri zaidi namna ya kuulipa. Hazielezi mlipa ushuru aandike nini kwenye ritani, yaani fomu ya kutangaza ushuru wake, katika miezi, na mara nyingine miaka, iliyo kati ya amri ya kwanza ya mahakama na hukumu ya mwisho. Suala hili limezungumzwa faraghani mara nyingi, vikaoni na kwa barua. Majibu yanayopatikana ni ya mdomo, na jibu la mdomo haliwezi kuambatishwa kwenye faili siku ya ukaguzi. Ndiyo maana tunaliweka hadharani.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Amri husimamisha ushuru bila kugusa ritani.

Chukueni ushuru wa kima cha chini. Ulikuja na Sheria ya Fedha ya 2020: asilimia 1 ya mauzo ghafi kuanzia tarehe 1 Januari 2021, ulipwe kwa awamu nne, tarehe 20 ya mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili wa mwaka wa hesabu. Kwa kampuni zinazofunga hesabu Desemba, awamu ya kwanza ilikuwa tarehe 20 Aprili 2021. Mahakama Kuu ya Machakos ilitoa amri ya kuusimamisha tarehe 19 Aprili, siku moja kabla. Tarehe 20 Septemba 2021 mahakama hiyo ikaamua kwamba ushuru huo unakiuka Katiba, na tarehe 2 Desemba 2022 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo.

Kwa wakili, kesi iliishia hapo. Kwa mhasibu, kati ya tarehe ya kwanza na ya mwisho kulikuwa na miezi 19 na zaidi ya kufunga vitabu bila kujua. Muuzaji wa jumla mwenye mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka alikuwa anatakiwa kulipa milioni 2, yaani 500,000 kila awamu. Anayeuza unga na mafuta ya kupikia kwa faida nyembamba anaweza kumaliza mwaka mzima bila kufikisha faida ya milioni 2. Mtu huyo alikuwa na njia tatu baada ya amri: alipe tu ili alale usingizi, asilipe na asiandike chochote, au asilipe lakini aonyeshe kwenye vitabu vyake deni linalosubiri hukumu. Zote tatu zilitii amri ya mahakama. Ritani ya mwaka 2021 ilitakiwa kufikia tarehe 30 Juni 2022, katikati kabisa ya hukumu mbili, na haikuwa na mahali pa kuonyesha ni njia ipi mtu ameichagua.

Tuseme Mahakama ya Rufaa ingeamua kinyume. Siku iliyofuata KRA ingeanza kutafuta, kampuni moja baada ya nyingine, nani anadaiwa na kiasi gani, kwa kuwa hakuna fomu iliyowahi kuuliza. Serikali ilishindwa kesi ile, kwa hiyo udhaifu huo haukuonekana.

2. Pesa iliyokwisha kukatwa mtu mwingine.

Hapa ndipo penye uzito, na hapa tunaomba msome polepole.

Kuna ushuru unaomhusu mlipaji mwenyewe, kama ule wa kima cha chini. Na kuna ushuru ambao mlipaji ni mpokezi tu: PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mshahara), VAT (ushuru wa ongezeko la thamani), ushuru wa nyumba. Katika kundi hili la pili, shilingi ikishakatwa kwenye mshahara au kuongezwa kwenye bei, si ya mwajiri wala si ya mwenye duka. Ama iende KRA, ama irudi kwa aliyekatwa. Ikikaa katikati, anayeikalia yuko hatarini pande zote mbili.

Ushuru wa nyumba ulianzia kwenye Sheria ya Fedha ya 2023: asilimia 1.5 ya mshahara ghafi kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kutoka kwa mwajiri, ipelekwe ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kwisha, na adhabu ya asilimia 2 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Ulitakiwa kuanza tarehe 1 Julai 2023. Tarehe 30 Juni Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wa Sheria nzima. Tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaiondoa amri hiyo, na ushuru ukahesabiwa tangu 1 Julai.

Angalieni tarehe hizo kwa jicho la ofisa wa mishahara. Tarehe 28 Julai mishahara ya Julai katika ofisi nyingi ilikuwa imekwisha kupitishwa, na kwa wengine iko benki tayari. Mwajiri aliyetii amri ya Mahakama Kuu hakukata kitu. Sasa anadaiwa. Mfanyakazi wa mshahara ghafi wa 60,000 anatakiwa kutoa 900 na mwajiri wake 900. Kwa wafanyakazi 200 wa kiwango hicho ni shilingi 360,000 kwa mwezi mmoja, nusu yake ikiwa pesa ya wafanyakazi ambayo haikukatwa. Mwajiri afanye nini? Akiilipa mfukoni mwake, amebeba mzigo wa mwingine. Akikata mara mbili mwezi wa Agosti, 1,800 badala ya 900, ana kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira mbele yake, kinachosema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa mfanyakazi mwenye mkopo wa sakosi na mkopo wa benki, hiyo nafasi ya 900 za ziada huenda haipo. Akichelewa ili kwanza aulize, adhabu ni 7,200 kila mwezi.

Mchezo ukaendelea. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ushuru wa nyumba ulikiuka Katiba, lakini uendelee kukusanywa hadi tarehe 10 Januari 2024. Mahakama ya Rufaa ikasogeza muda huo hadi tarehe 26 Januari, siku ambayo ilikataa kuusogeza tena. Mishahara ya Januari iliyolipwa tarehe 24 au 25 ilikuwa na makato halali. Lakini siku ya kuyapeleka ilikuwa Februari, wakati ushuru wenyewe haupo. Je, wajibu wa kupeleka unafuata siku ya kukata au siku ya kulipa? Swali hili halihitaji falsafa. Linahitaji sentensi moja yenye sahihi.

Kisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikaanza kutumika tarehe 19 Machi 2024, na adhabu ikapanda hadi asilimia 3 kwa mwezi. Machi ina siku 31. Kuanzia tarehe 19 zimebaki 13. Kwa mshahara uleule wa 60,000, hesabu ya mwezi mzima ni 900, na hesabu ya siku 13 ni 377 na senti kidogo. Hesabu zote mbili zinaweza kutetewa. Anayekata 900 anaweza kushtakiwa na mfanyakazi. Anayekata 377 anaweza kudaiwa na KRA. Tofauti ni shilingi 523 kwa mtu mmoja. Mwenye wafanyakazi elfu moja anazungumzia zaidi ya nusu milioni, na hiyo ni kabla ya sehemu yake mwenyewe.

3. Ankara haiwezi kusubiri hukumu.

VAT ina ugumu wake kwa sababu kiwango huandikwa kwenye ankara papo hapo. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Amri ya tarehe 30 Juni 2023 ikasimamisha Sheria hiyo, ilhali bei za mafuta zilizotangazwa kuanzia tarehe 1 Julai zilikuwa na asilimia 16 tayari. Mwenye kituo cha mafuta alikuwa na amri ya mahakama mkono mmoja na bei rasmi mkono wa pili.

Mwaka uliofuata likatokea jambo lililo karibu na kichekesho. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaifuta Sheria ya Fedha ya 2023 yote. Mahakama ya Juu ikasimamisha hukumu hiyo tarehe 20 Agosti 2024, na hatimaye ikaipindua tarehe 29 Oktoba. Tarehe 20 Agosti ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT na ya ushuru wa mauzo ya biashara ndogo kwa mwezi wa Julai. Ushuru huo wa mauzo ulikuwa asilimia 1 kabla ya Sheria ya 2023, ukawa asilimia 3 chini yake. Mfanyabiashara aliyeuza bidhaa za milioni moja mwezi huo alikuwa na deni la 10,000 au la 30,000, ikitegemea aliwasilisha ritani kabla ya Mahakama ya Juu kutoa amri yake au baada. Mwenye kuwahi, tunayemsihi kila siku awahi, ndiye aliyekuwa kwenye hatari.

Kurekebisha ankara nako kuna ukuta. Kifungu cha 16 cha Sheria ya VAT kinaruhusu krediti noti, yaani hati ya kupunguza kiasi cha ankara, ndani ya miezi sita tangu ankara kutolewa. Kuna msamaha mmoja: mgogoro wa kibiashara kuhusu bei ukiwa mahakamani, krediti noti inaweza kutolewa ndani ya siku 30 baada ya uamuzi. Waliotunga sheria walikumbuka kwamba wauzaji na wanunuzi hushtakiana. Walisahau kwamba ushuru wenyewe nao hushtakiwa. Kesi ya ushuru wa kima cha chini ilichukua mwaka mmoja na nusu na ushei. Kwa mwendo huo, VAT ikibatilishwa leo mahakamani, ankara nyingi zitakuwa zimepita miezi sita muda mrefu.

4. Anayepinga ushuru aliokadiriwa na KRA yeye binafsi.

Hadi hapa tumezungumzia kesi za Katiba, ambazo amri yake humgusa kila mtu. Wengi zaidi wako kwenye njia ya kawaida ya Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015, na hatua zake tunazijua kwa moyo: pingamizi ndani ya siku 30 tangu kuarifiwa, Kamishna akiona halijakamilika aseme ndani ya siku 14, uamuzi ndani ya siku 60, la sivyo pingamizi linahesabiwa limekubaliwa, notisi ya rufaa kwa Jopo la Rufaa za Ushuru ndani ya siku 30, hati ya rufaa, maelezo ya ukweli na nakala ya uamuzi ndani ya siku 14 zinazofuata.

Kinachoharibika hapa kinajulikana pia. Mtu anapinga makadirio yote ya milioni 5 wakati anajua milioni 1.2 ni deni lake halali. Halipi ile 1.2 wala haombi kuilipa kwa awamu, na pingamizi linakosa uhalali kwa mujibu wa kifungu cha 51. Au anaandika sababu mbili leo, halafu wakili wake anaongeza ya tatu mbele ya Jopo na kuambiwa haikuwemo kwenye pingamizi. Au anatupa vitabu baada ya miaka mitano, akisahau kwamba kesi ikiwa hai vitabu hukaa hadi kesi iishe. Mzigo wa kuthibitisha ni wake, na bila karatasi hana kesi. Makosa haya ni yetu sisi na wateja wetu. Hatumlaumu mtu.

Ila kuna moja ambalo si letu. Kampuni imetangaza hasara ya milioni 10 kwa mwaka 2022. KRA inafanya ukaguzi na kuipunguza hadi milioni 2. Kampuni inapinga. Kabla ya uamuzi kupatikana, ritani ya 2023 inafika. Isogeze mbele hasara ipi? Ikiandika milioni 10, inaonekana imepuuza makadirio, na makadirio mapya ya 2023 yatafuata, kisha pingamizi jipya, kisha rufaa mpya. Ikiandika milioni 2, imekubali kwa mkono wake kile inachokipinga mbele ya Jopo. Mzozo mmoja wa mwaka mmoja unazaa mizozo mitatu au minne juu ya tarakimu ileile, kila mmoja na ada yake na siku zake 30. Tunachokosa ni kisanduku kimoja cha kuandika: «hasara hii inapingwa, rufaa nambari fulani».

5. Cheti cha kutodaiwa ushuru.

Zabuni za serikali hukitaka. Deni linalopingwa kihalali halipaswi kumnyima mtu cheti, na hakuna sababu ya swali hilo kujibiwa upya kila mara na kila ofisa. Hatuna zaidi ya kusema hapa.

6. Marejesho.

Kifungu cha 206 cha Katiba kinataka mapato yote ya serikali kuu yaingie kwenye Mfuko Mkuu, isipokuwa yale ambayo Bunge limeyatenga kwa sheria. Kwa hiyo aliyelipa ushuru unaopingwa, kwa nia njema kabisa, amelipa ndani ya mfuko ambao hutumika mwaka huohuo. Mahakama ikimpa haki miaka miwili baadaye, anaanza kuomba marejesho kama mtu aliyezidisha malipo kwa bahati mbaya. Na muda wa kuomba, ambao kwa ushuru mwingi ni miaka mitano, huhesabiwa tangu siku ya kulipa, si siku ya hukumu. Kesi inayopanda Mahakama Kuu, ya Rufaa na ya Juu inaweza kula sehemu kubwa ya muda huo kabla hajajua kama ana cha kuomba.

Sasa tuguse majibu tunayoyatarajia, maana tumeyasikia.

Mtasema amri ya mahakama inajieleza. Haijielezi. Huzuia utekelezaji wa kifungu. Haisemi lolote kuhusu kipindi kilichokatwa katikati, pesa iliyokwisha kushikwa, wala safu ya ritani. Si kazi ya jaji kubuni fomu.

Mtasema kuna taarifa kwa umma hutolewa. Hutolewa, na tunashukuru zinapokuja. Lakini Sheria ya Taratibu za Ushuru, vifungu vya 62 hadi 64, imeweka chombo kizito zaidi: ufafanuzi rasmi wa umma unaotangazwa magazetini, ambao humfunga Kamishna mpaka auondoe. Picha iliyowekwa mtandaoni haimfungi mtu. Ofisa wa ukaguzi atakayekuja miaka minne baadaye ana haki ya kuipuuza.

Mtasema safu ya «ushuru unaopingwa» itakuwa kichaka cha wakwepaji. Tunaona kinyume chake. Leo anayejificha nyuma ya amri ya mahakama hafahamiki, kwa sababu hatakiwi kusema neno. Mkimtaka aandike kiasi, nambari ya kesi na tarehe ya amri, mmempata. Tena mtafaidika zaidi yetu: kila mara serikali inapoomba amri iondolewe, huiambia mahakama kwamba mabilioni yanapotea. Mngekuwa na ritani zenye safu hiyo, mngefika mbele ya majaji na jumla halisi badala ya makisio.

Mtasema mfumo hauwezi. Agosti 2023 ushuru wa nyumba ulianza kulipwa kupitia iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, wiki chache tu baada ya sheria yake kuanza. Mfumo ulioweza kupokea ushuru mpya kwa kasi hiyo unaweza kupokea safu tatu.

Mtasema hakuna mfano. Upo. Sheria ya ushuru ya jimbo la Texas, Marekani, imetenga sura nzima kwa kesi za namna hii: anayetaka zuio la mahakama hulipa kwanza kwenye akaunti ya kusubiri au huweka dhamana, na akishapata zuio hutakiwa kutunza rekodi za ushuru unaoendelea kujikusanya na kuwasilisha ripoti za mara kwa mara. Ni masharti makali, na hatupendekezi yaletwe jinsi yalivyo. Dhamana nzito ingewafungia wadogo mlango wa mahakama. Tunachokitamani ni lile wazo la ripoti: kwamba aliye mahakamani anabaki kuonekana.

Tunaomba mambo yafuatayo.

Kwanza, safu tatu katika ritani za VAT, PAYE, ushuru wa mauzo na ushuru wa mapato: ushuru uliokokotolewa kwa sheria inayopingwa, kiasi kilicholipwa, na kiasi kilichozuiliwa kwa amri. Chini yake mahakama, nambari ya kesi na tarehe ya amri. Katika ritani ya mapato iongezwe safu ya nne kwa hasara inayopingwa, na kuijaza kusihesabiwe kuwa kukiri wala kukaidi makadirio.

Pili, wajibu huo umguse kila anayeitegemea amri, awe ndiye aliyeshtaki au la. Asiyejaza safu hizo apoteze kinga na atozwe adhabu za kawaida. Tunajua tunajiongezea kazi wenyewe.

Tatu, ufafanuzi rasmi unaomfunga Kamishna ndani ya siku tano za kazi baada ya amri yoyote inayosimamisha au kurudisha ushuru. Ujibu maswali matano bila kuzunguka: ushuru unakoma au kuanza siku gani, mwezi uliogawanyika unahesabiwa kwa siku au kwa ukamilifu wake, pesa iliyokwisha kukatwa iende wapi, ritani ipi itumike, na adhabu inasimama au haisimami.

Nne, Bunge litunge kifungu cha kutenga akaunti maalum, kama Katiba inavyoruhusu, ya kupokea ushuru unaopingwa kutoka kwa wanaotaka kulipa huku wakisubiri. Hukumu ikitoka, pesa iende Mfuko Mkuu au irudi kwa mwenyewe bila maombi mapya.

Tano, hukumu ya mwisho ikiupa ushuru uhai, aliyezuia kwa kutii amri na akaripoti apewe siku 30 za kulipa bila ile adhabu ya asilimia 5 ya kuchelewa. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi hatuipingi: amekaa na pesa ya serikali, ailipie. Adhabu ni jambo lingine, kwa kuwa kutii mahakama si kosa. Na serikali ikishindwa, ilipe riba hiyohiyo kwa kipimo hichohicho.

Sita, kifungu cha 16 cha Sheria ya VAT kiongezewe maneno machache ili siku 30 za krediti noti zihusu pia kesi inayopinga ushuru wenyewe. Na muda wa kuomba marejesho ya ushuru uliobatilishwa uanze kuhesabiwa siku ya hukumu ya mwisho.

Ombi la kwanza na la tatu halihitaji Bunge. Kamishna Mkuu anaweza kuanza nayo kwa mamlaka aliyonayo sasa. Mengine yanahitaji vifungu, na Muswada wa Fedha hufika bungeni kabla ya mwisho wa Aprili. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya muswada ujao kuwasilishwa, likieleza ni yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa na kwa sababu gani. Tuko tayari kuketi na mafundi wa iTax na kuwachorea safu hizo, ritani moja baada ya nyingine.

Wenu,

Wahasibu, mawakala wa ushuru na maofisa wa mishahara